Radio Tanzania na Wasikilizaji Wake wa Kilosa

Tarehe 1 Julai ina uzito wake katika historia ya utangazaji Tanzania Bara. Siku hiyo mwaka 1951 Sauti ya Dar es Salaam ilisikika kwa mara ya kwanza. Siku hiyohiyo mwaka 1956 redio ikakabidhiwa kwa shirika jipya, Tanganyika Broadcasting Corporation. Na siku hiyohiyo tena, mwaka 1965, shirika likavunjwa, redio ikarudishwa serikalini na kupewa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam. Sisi tuliokua nayo tunaiita RTD mpaka leo, ingawa jina hilo lilifutwa zamani. Kwa hesabu hiyo, mwaka 2026 unatimiza miaka 75 ya matangazo ya kwanza na miaka 70 ya shirika la kwanza.

Historia za taasisi aghalabu huandikwa na waliokaa ofisini. Orodha ya wakurugenzi inakuwa ndefu, mitambo inahesabiwa, na msikilizaji anatajwa mwishoni kwa kushukuriwa. Mimi nimechagua kuitazama RTD kutoka upande wa pili wa mawimbi, kutoka kata ya Kisanga wilayani Kilosa, katika jimbo la Mikumi. Ni nchi ya Wasagara na Wavidunda, yenye milima inayozuia upepo na mawimbi pia. Mtu wa Dar es Salaam alikuwa na gazeti kila asubuhi, sinema kila jioni na redio juu yake. Kwa mtu wa Kisanga, kwa muda mrefu, redio ilikuwa gazeti, posta, shule na ukumbi wa dansi. Ndiyo maana kupanda na kugawanyika kwa taasisi hii kunaonekana vizuri zaidi ukisimama huku.

Kabla ya redio ilikuwapo karatasi. Januari 1923 serikali ya Kiingereza, kupitia Idara ya Elimu, ilianza kuchapa jarida la kila mwezi la Kiswahili, Mambo Leo. Kilosa haikuwa mbali na jarida hilo. Reli ya Kati ilishapita hapo tangu enzi za Wajerumani, mashamba ya mkonge yalikuwa na makarani, na shule za misheni zilikuwa na walimu. Hao ndio waliokuwa wasomaji. Jarida moja lilipita mikono mingi, na aliyejua kusoma aliwasomea wasiojua. Mambo Leo lilileta amri za serikali na mafundisho ya kilimo, lakini lilifanya jambo jingine ambalo nadhani watawala hawakulipangia: liliwapa wenyeji nafasi ya kujibu. Barua kutoka wilayani zilichapwa, na mashairi yakajibizana toleo kwa toleo. Shaaban Robert ni mmoja wa washairi waliosomwa humo.

Redio ilipokuja iliikuta desturi hiyo imekwisha kukomaa. Serikali ilikwisha jifunza kusema na watu wengi kwa Kiswahili kimoja, na watu wa mikoani walikwisha jifunza kuandika barua Dar es Salaam wakitarajia majina yao yatajwe. Mambo Leo lilifungwa mwaka 1963, miaka miwili baada ya Uhuru, na Idara ya Habari ikawa na jarida lake la picha, Nchi Yetu. Lakini ule uhusiano wa barua na jina kutajwa ulihamia hewani, na huko ukakua kuliko ulivyowahi kuwa kwenye karatasi.

Mwanzo wenyewe ulikuwa mdogo. Mtambo wa 1951 ulikuwa na nguvu ya kutosha mji wa Dar es Salaam na kandokando yake, na Kilosa haikusikia kitu. Kilichoiharakisha serikali ya kikoloni kupanua matangazo, kwa maoni yangu, ni ushindani zaidi ya hisani. Mwaka 1954 TANU ilizaliwa, na mwaka huohuo Cairo ikaanza kutangaza kwa Kiswahili, ikiwaambia Waafrika Mashariki mambo ambayo gavana asingependa wayasikie. Mwaka uliofuata mitambo yenye nguvu zaidi ilikuwa kazini, na mwaka 1956 likaundwa shirika kwa mfano wa BBC, lenye bodi na mkurugenzi mkuu, na baadhi ya wataalamu wakaletwa kutoka hukohuko London. BBC yenyewe ilianza idhaa yake ya Kiswahili Juni 1957. Katika miaka mitatu tu Kiswahili kilikuwa kimegombewa hewani na miji mitatu.

Shirika hilo la kwanza liliishi miaka tisa. Lilitangaza Uhuru wa Desemba 1961. Kisha ikaja asubuhi ya Januari 20, 1964, askari wa kambi ya Colito walipoasi, wakaingia mjini na kushika sehemu muhimu, kituo cha redio kikiwamo. Kesho yake Mwalimu Nyerere alisema na wananchi kupitia redio hiyohiyo ili wajue kwamba serikali ipo. Sijui kama kuna kiongozi ambaye, baada ya siku mbili za namna hiyo, angeendelea kuona redio kama shirika la burudani lenye bodi yake. Mwaka mmoja na nusu baadaye bodi ilikuwa imeondoka, na RTD ilikuwa idara ndani ya wizara. Zanzibar iliendelea na redio yake mpaka leo, lakini hiyo ni habari yake.

Hapo ndipo Kisanga inaingia kwa kweli.

Redio ya transista ilikuwa imeshaanza kushuka bei. Mwaka 1966 kampuni ya Matsushita ya Japani ilijenga kiwanda Dar es Salaam, na redio na betri za National zikawa bidhaa ya dukani hata vijijini. Reli ya tawi kutoka Kilosa ilikuwa imeshafika Mikumi na kuendelea Kidatu, penye mashamba ya miwa ya Kilombero, na kijana aliyekwenda kukata miwa alirudi na vitu viwili vya kuonyesha: baiskeli na redio. Betri ndizo zilikuwa shida. Zilipoanza kuchoka zilianikwa juani, zikapata uhai wa siku moja zaidi. Mwenye redio alipanga matumizi, akafungulia taarifa ya habari, akazima, akafungulia tena jioni. Kwa hiyo redio ya kijijini haikuwa ya kupiga kelele mchana kutwa. Ilifunguliwa kwa saa yake, na watu walikuja kwa saa hiyo.

Walikuja kusikia ngoma. Kabla ya taarifa ya habari RTD ilipiga mlio ambao hakuna Mtanzania wa umri fulani asiyeujua, ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, mpigaji asiyeona aliyezungukwa na ngoma nyingi na kuzipiga zote peke yake. Mwaka 1970 alikwenda Osaka, Japani, kuzipiga kwenye maonyesho ya dunia. Watu walizijua ngoma zake kuliko sura yake.

Walikuja pia kusikia vifo. Msomaji kijana huenda asielewe, kwa hiyo nieleze kidogo. Mtu wa Kilosa akifia Tabora au Tanga, barua ingechukua wiki, na simu ilikuwa ya posta au ya mkuu wa wilaya. Matangazo ya vifo ya RTD yalisomwa kwa utaratibu usiobadilika: jina la marehemu, mahali alipofia, siku ya mazishi, kisha orodha ya wanaoarifiwa, kila mmoja na kijiji chake. Msiba ulifika siku hiyohiyo, na mara nyingi jirani aliusikia kabla ya mfiwa, akawa na kazi ya kwenda kumwambia. Hakuna kipindi kilichosikilizwa kwa utulivu kama hicho. Katika nchi ambayo watu walihamahama kufuata mkonge, miwa, reli na jeshi, nadhani hii ndiyo huduma kubwa kuliko zote iliyowahi kutolewa na taasisi hiyo, na sijaona mnara wa kumbukumbu yake popote.

Salamu nazo zilikuwa na kadi zake. Uliandika jina lako, ukaorodhesha jamaa, ukataja wimbo, ukatuma. Kulikuwa na salamu za wagonjwa hospitalini, Ugua Pole, na vipindi vya kuchagua nyimbo. Jioni kulikuwa na vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi, na watoto walikuwa na Mama na Mwana, ambamo Deborah Mwenda alisimulia hadithi kwa sauti iliyofanya kila mtoto aamini anaambiwa yeye. Mpira ulikuwa na watu wake. Peter Tino alipofunga goli Ndola mwaka 1979 na kuipeleka Taifa Stars kwenye fainali za Afrika za Lagos mwaka uliofuata, taifa zima lililiona goli lile kwa masikio.

Muziki unahitaji aya yake, kwa sababu mkoa wa Morogoro una deni na RTD, na RTD ina deni na Morogoro. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Aliyetaka santuri alikwenda Nairobi. Bendi nyingine zote zilikuwa na mlango mmoja, studio ya RTD ya Barabara ya Pugu, ambako bendi ilitoka mkoani na vyombo vyake, ikaingia na kurekodi nyimbo kadhaa kwa siku moja, na nyimbo zikaanza kupigwa. Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, bendi aliyoianzisha Morogoro mwaka 1948, alikuwa jina la nchi nzima alipofariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Juma Kilaza akaishika bendi baada yake. Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, alifariki pia kwa ajali, Mombasa, Januari 1979. Miaka ya 1970 RTD iliamua kuacha kabisa kupiga muziki wa kigeni. Uamuzi ule ulilaumiwa na vijana wa mjini waliopenda James Brown, lakini uliipa bendi ya mkoani muda wa hewani ambao leo msanii anaulipia kwa jasho na wakati mwingine kwa fedha.

Nikiulizwa ni mwaka gani RTD ilifika kileleni, nitasema 1973. Mwaka huo ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, na naiona kama kazi iliyounganisha redio na karatasi kuliko nyingine yoyote katika Afrika Mashariki. Waandaaji, wakiongozwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, walikuwa wamejaribu kwanza kwa kampeni ndogo: Uchaguzi ni Wako mwaka 1970, kisha Wakati wa Furaha kwa miaka kumi ya Uhuru mwaka 1971, iliyokuwa na wasikilizaji takriban 20,000 katika vikundi. Mara hii walitaka milioni moja. Walipata karibu milioni mbili.

Mpango ulikuwa rahisi kueleza na mgumu kuutekeleza. Viongozi wa vikundi, wapatao 75,000, walipewa mafunzo mafupi. Vijitabu vilichapwa kwa wingi usiowahi kuonekana, kwa lugha nyepesi na herufi kubwa, maana wengi walikuwa wametoka darasa la kisomo juzi tu. Kila wiki, kwa wiki kumi na mbili, kikundi kilikaa chini ya mti au darasani, kikafungulia redio kwa saa iliyopangwa, kikasikiliza kipindi, kikasoma sura ya wiki hiyo, kikajadiliana, na kabla ya kuondoka kikaamua kazi ya kufanya. Malaria, kichocho, safura, kuhara, kifua kikuu: kila ugonjwa na wiki yake. Kazi ya kufanya ilikuwa kufyeka vichaka, kufukia madimbwi, kuchemsha maji na, zaidi ya yote, kuchimba vyoo. Vyoo vilichimbwa kwa maelfu na maelfu nchi nzima. Kikundi ambacho betri zake zilikufa katikati ya msimu kilikuwa bado na kijitabu; ambacho hakikuwa na msomaji hodari kilikuwa bado na redio. Kimoja kilimshika mwenzake mkono.

Lakini tusiandike historia ya kusifu tu. Mwaka uliofuata Operesheni Vijiji ilishika kasi, na katika mikoa mingi watu waliochimba choo mwaka 1973 waliambiwa mwaka 1974 wahamie kijiji kipya. Nyumba unaweza kubeba milango na mabati yake, lakini choo huwezi. RTD iliyowafundisha watu kuchimba haikuwauliza hewani waliona nini walipohamishwa. Ilieleza faida za kuishi pamoja. Aliyechomewa nyumba hakusikika. Katika miaka ileile idhaa yake ya nje ilikuwa ikitoa nafasi kwa wapigania uhuru wa kusini, FRELIMO na ANC wakiwamo, wawaeleze watu wao ukweli uliofichwa na redio za wakoloni na makaburu. ANC ilikuwa imefanya mkutano wake mkubwa Morogoro mjini mwaka 1969 na baadaye ikajenga shule yake Mazimbu. Kwa hiyo taasisi moja ilikuwa mdomo wa ukombozi nje na mdomo wa serikali ndani, na wafanyakazi wake walijua vizuri wapi sauti inapanda na wapi inashuka. Sisemi hili kuwadharau. Baadhi yao, kama Paul Sozigwa na David Wakati waliowahi kuiongoza, walikuwa mabingwa wa kazi hiyo kwa kiwango chochote. Nasema kwa sababu mbegu ya kugawanyika ilikuwa humo humo. Sauti moja kwa nchi nzima inawezekana tu nyingine zote zikizuiwa, na zuio likiondoka, hakuna aliyejua ingekuwaje.

Kabla ya zuio kuondoka, tukio moja la mkoani. Aprili 12, 1984 Waziri Mkuu Edward Sokoine, akitoka Dodoma kwa gari kwenda Dar es Salaam, alifariki kwa ajali eneo la Dakawa, mkoani Morogoro. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyelitangazia taifa, kupitia RTD. Watu wa Kilosa wanaijua barabara ile na daraja la Wami, lakini habari iliyotokea jirani yao iliwafikia kutoka Dar es Salaam, kama ilivyomfikia mtu wa Bukoba. Ndivyo ulivyokuwa mfumo. Jambo lilikwenda mjini kwanza, likapata sauti, ndipo likarudi.

Mfumo wa vyama vingi ulianza kisheria Julai 1, 1992, tarehe ileile ya ajabu. Mwaka 1993 Bunge likapitisha Sheria ya Huduma za Utangazaji, na mwaka 1994 Radio One ya Reginald Mengi ilikuwa hewani, pamoja na televisheni yake ya ITV. Tumaini ya Kanisa Katoliki ilianza mwaka huohuo; Radio Free Africa ya Mwanza na Clouds FM zikafuata kabla ya karne kwisha. Tukumbuke kwamba Bara ilikuwa imekataa televisheni kwa miaka ishirini tangu Zanzibar ilipoanza yake, kwa hoja kwamba ni anasa ya wachache. RTD haikuwa imejiandaa kushindana na chochote.

Hakuna aliyeipiga. Iligawanyika kama mirathi ambayo haikuandikiwa wosia. Majengo, mitambo na wajibu vilibaki na serikali. Sauti ziliondoka. Charles Hilary alikwenda Radio One, na baadaye Deutsche Welle, BBC, Azam, hadi Ikulu ya Zanzibar. Julius Nyaisanga, yule aliyejiita Anko J, naye alikwenda Radio One, kisha akaja mkoani kwetu kuongoza kituo cha Abood, na alifariki Morogoro Oktoba 2013. Tido Mhando alikuwa ameshatangulia. Sauti iliyotangaza mpira RTD ikawa ya mkuu wa Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Wote walijifunza kazi mahali pamoja, kwa fedha ya umma, na wakaajiriwa na waliokuja na mishahara mizuri na studio mpya. Ukisikiliza redio binafsi za miaka ile ya mwanzo, namna ya kusoma habari, kupanga salamu na kutangaza mpira ilikuwa ya Barabara ya Pugu. RTD iliyofunga milango kwa miaka 29 ndiyo iliyokuwa chuo cha wapinzani wake.

Kisanga haikuyaona hayo kwa haraka. Redio mpya zilikuwa za FM, na mawimbi ya FM huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Kilima kikisimama njiani, yanaishia hapo. Masafa ya kati na masafa mafupi ya RTD yalipita juu ya milima. Mtu wa Kariakoo alianza kuchagua vituo mwaka 1994. Wa mabondeni Kilosa alibaki na RTD yake kwa miaka mingine mingi, wakati RTD ikiwa tayari imepoteza watangazaji, matangazo ya biashara na, niseme wazi, ari. Uhuru wa mawimbi ulianzia mjini, na kijiji kikaachiwa taasisi iliyokuwa inazeeka.

Hata hivyo ilikuwa na kitu kimoja kikubwa cha mwisho. Julai 1993 ilianza Twende na Wakati, mchezo wa redio uliorushwa mara mbili kwa wiki kuhusu uzazi wa mpango na Ukimwi. Dereva wa lori, Mkwaju, ana wanawake kila kituo, anaambukizwa. Mkewe Tunu anajifunza kusimama mwenyewe. Barabara kuu ya Zambia inapita Mikumi, malori yanalala hapo, na msikilizaji wa huku hakuhitaji kuambiwa Mkwaju ni nani. Watafiti walifanya jambo la pekee: kwa miaka miwili ya kwanza mtambo wa Dodoma ulirusha vipindi vingine muda huo, ili mkoa usiosikia mchezo ulinganishwe na inayousikia. Waliousikia walionekana kubadilika zaidi, katika kupanga uzazi na katika kujikinga, na matokeo hayo yanasomwa vyuoni mpaka leo. Jirani zetu wa Dodoma walianza kuusikia mwaka 1995. Kwa upande wa sayansi ni kazi safi. Kwa upande wa jirani, sina hakika.

Yaliyobaki ni ya ofisini na nitayapita upesi. Serikali ilianzisha Televisheni ya Taifa, ikaiunganisha na RTD kuwa Taasisi ya Utangazaji Tanzania, TUT, na hapo jina la RTD likafutwa. Mwaka 2007 TUT ikageuzwa kuwa Shirika la Utangazaji Tanzania, kwa kifupi cha Kiingereza TBC, herufi zilezile za shirika lililovunjwa mwaka 1965. Tido Mhando alirudishwa kutoka BBC kuliongoza. Alileta midahalo ya wagombea na kamera zilizokwenda vijijini kuuliza watu shida zao kabla ya uchaguzi wa 2010. Mkataba wake ulipokwisha mwishoni mwa mwaka huo haukuongezwa. Bodi, mkurugenzi mkuu, herufi tatu: baada ya nusu karne taasisi ilikuwa imerudi kwenye umbo lake la 1956, isipokuwa safari hii haikuwa peke yake hewani.

Na jimbo la Mikumi? Mwaka 2015 lilimchagua Joseph Haule kuwa mbunge kwa tiketi ya CHADEMA, akakaa hadi 2020. Nchi inamjua kwa jina la Profesa Jay. Alitoka kwenye kundi la Hard Blasters, na muziki wake wa kufokafoka ni wa kizazi ambacho RTD ya miaka ya 1970 isingekipa dakika moja. Uliwafikia watu kupitia redio binafsi zilizozaliwa baada ya 1993. Kwa hiyo wapiga kura wa Kisanga, waliochelewa kusikia FM, waliletewa na FM mbunge. Kilosa mjini sasa kuna redio ya jamii, ambako habari ya mafuriko au ya ng'ombe kuingia shambani haihitaji tena kusafiri mpaka Dar es Salaam ndipo irudi.

Limebaki suala la kanda. Katika maktaba ya RTD, ambayo sasa ni ya TBC, kuna tepu za bendi zote zile, hotuba, ngoma za makabila na hadithi; waliojaribu kuzihamishia kwenye kompyuta kuanzia mwaka 2012 walikadiria zinafika saa 100,000. Tepu huharibika, na mashine za kuzisoma ni chache. Wanamuziki walirekodi zama ambazo hakuna aliyezungumza habari ya mrabaha. Chama cha Hakimiliki, COSOTA, kiliundwa kwa sheria ya 1999, wakati wengi wao wamekwisha kufa. Nyimbo zao zinapigwa kila Jumapili katika vipindi vya zilipendwa, zinauzwa kwenye intaneti na watu wa Ulaya, na zinatiwa kwenye simu kwa shilingi mia tano na vijana wa stendi ya Mikumi. Warithi wa wapigaji wa Cuban Marimba na Morogoro Jazz wanaishi mkoani humu. Shirika linaloadhimisha miaka 75 lingeweza kuanza kwa kuchapa orodha kamili ya kanda hizo, jina la bendi, jina la mtunzi na tarehe ya kurekodiwa, na kuibandika mahali ambapo mtu wa Kilosa anaweza kuisoma na kudai kilicho chake.